Namna ya kuisoma bei ya bima ya fidia kazini kabla haijamfunza bosi wako tabia mbaya

Assalaam alaykum wenzangu. Hii nawaandikia wale wanaoshika mafaili kwenye makampuni madogo hapa Unguja na Pemba, makarani wa hesabu, mameneja wa hoteli za vyumba kumi, wakandarasi wenye pikapu moja na mashine ya zege ya kukodi, yani wale ambao wakala wa bima akileta kotesheni ndo mnaitwa "hebu njoo uangalie hii karatasi". Wengi wetu tunatazama namba ya chini kabisa, ikipanda tunanuna, ikishuka tunasaini. Mie nimefanya hivyo miaka mingi. Sasa nakwambieni, ile namba inamfundisha bosi kila mwaka, na kama hujui inamfundisha kitu gani utakuja kujikuta wewe ndo unabeba daftari la darasa.

Kisa changu kwanza, mjue sisemi ya kuambiwa.

Nilikuwa kampuni moja ya ujenzi, siitaji. Tunapandisha ghorofa ya pili ya nyumba ya wageni pwani ya kusini, jukwaa la mirunda kama kawaida yetu, na mbao moja ilikuwa imeshaliwa na maji, kila mtu anaijua, kila mtu anairuka. Siku hiyo fundi mmoja hakuiruka. Kama mita tatu hivi, akatua na mkono. Mie nipo chini nahesabu mifuko ya saruji, nikasikia mwiko unagonga karai kabla sijamsikia yeye. Tukamkimbiza spitali na pikapu. Jioni bosi kaniita, "ile fomu ya ajali usiijaze, mwezi ujao bima inaisha na yule kijana wa bima kanambia tukimaliza mwaka bila klemu, yani bila kudai malipo yoyote, tunapata punguzo." Akatoa laki moja na nusu, mpelekee, mwambie akiulizwa aseme kaanguka kwake. Nikapeleka. Fundi kashika bahasha kwa mkono wa kushoto, kanitazama, kasema "haya bi, ahsanteni", na mke wake kasimama mlangoni hakunikaribisha hata ndani.

Punguzo tulipata kweli. Asilimia kumi, na kwa kampuni yetu asilimia kumi ilikuwa laki moja na elfu kumi na kitu. Nilipiga hesabu usiku nyumbani nikacheka kwa uchungu: bosi katoa laki na nusu, na pesa ya spitali juu yake, ili aokoe laki na kumi. Mkono ule ulipona vibaya, mwiko haukamatiki tena, sasa anauza vocha na maji baridi.

Na yule bosi si mtu mbaya, mkitaka kujua. Alikuwa analipa kwa wakati, misiba yetu yote anakuja, Ramadhani anatoa tende. Aliisoma bei tu na aliisoma sawasawa. Bei ilimwambia niletee karatasi safi nikulipe. Haikumwambia badilisha mbao nikulipe. Bima haina macho ya kuona ajali, inaona klemu. Hao watu wanaofanya kazi nao haiwaoni, inaona peiroli, ile orodha ya mishahara. Kwahiyo kuna njia mbili za kuifanya bei ishuke, moja inapita saiti na nyengine inapita ofisini kwako, na ya ofisini ni rahisi zaidi. Kazi yako wewe unaeshika faili ni kuifunga hiyo ya ofisini.

Haya tuanze.

Jua kwanza bei inapikwa vipi

Kwetu Zanzibar mwajiri ndo anaebebeshwa mzigo wa fidia, Sheria ya Fidia ya mwaka 1986 iliyorekebishwa 2005, na bima ndo anainunua ili mzigo huo ukija asiubebe peke yake. Msichanganye na Bara. Wao wana mfuko wao wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, sheria yake ya 2008, ukaanza kukusanya michango Julai 2015, sekta binafsi walianza na asilimia 1 ya mishahara ikaja ikashuka mpaka 0.6 halafu 0.5. Kule kima ni kimoja, benki na mwenye machimbo wanatoa asilimia sawa, kwahiyo bei yenyewe haimwambii mwajiri kitu kuhusu usalama wake, wanaomwambia ni wakaguzi. Wa kwetu anaenunua bima dukani, bei inamsemesha.

Bei ina vipande vitatu. Cha kwanza mishahara yote ya mwaka. Cha pili kima cha aina ya kazi, karani wa mapokezi ana kima chake kidogo, fundi wa paa ana kima chake kikubwa. Cha tatu historia, umeklemu mara ngapi na kiasi gani. Unazidisha viwili vya mwanzo, cha tatu kinaongeza au kinapunguza.

Mfano, na hivi vima nimevibuni ili hesabu iwe nyepesi, vya kwako utaviona kwenye kotesheni. Una mafundi na vibarua 10 wa laki nne na nusu kwa mwezi, mwaka ni milioni 54. Ofisini wawili wa laki sita, mwaka ni milioni 14 na laki nne. Ujenzi asilimia 2, ofisi asilimia 0.4. Unapata 1,080,000 na 57,600, jumla 1,137,600. Andika hesabu hii kwa mkono wako kwenye karatasi, usimwachie wakala, maana ukishaiandika ndo unaona kila kipande kina mlango wa kupitia mjanja.

Panga watu kwa kazi ya mikono yao

Mlango wa kwanza ndo huo wa aina ya kazi. Chukua mafundi watano kwenye hesabu ya juu uwaandike "wasaidizi wa ofisi". Milioni 27 inahama kutoka asilimia 2 kwenda 0.4, badala ya 540,000 unalipa 108,000. Umeokoa 432,000 kwa kubadilisha neno moja kwenye safu moja, hata hujainuka kwenye kiti. Nani hatashawishika? Bosi atakwambia "kwani yule si anaandikaga na mahudhurio?" Ndio anaandika, dakika tano asubuhi, halafu anapanda juu.

Kanuni yangu, napita saiti au napita hoteli saa nne asubuhi na orodha mkononi, namtazama mtu anafanya nini, naandika hicho. Hotelini ndo kuna vituko zaidi, mtu kaandikwa mhudumu wa mgahawa kumbe ndo anaepanda mnazi kuangua madafu ya wageni, mlinzi kumbe ndo fundi umeme, kijana wa ufukweni kumbe anaendesha boti. Huyo wa mnazi akianguka bima watauliza swali moja tu, mhudumu alikuwa anafanya nini juu ya mnazi? Wakiona ulidanganya kazi, wanaweza kukata malipo au kukataa kabisa, na ile laki nne uliyookoa itakuwa mchezo. Mtu mwenye kazi mbili muandike ile ya hatari, au uliza kama wanakubali kugawa mshahara wake kwa masaa, wengine wanakubali ukiwa na rekodi.

Usiikate peiroli

Mlango wa pili. Unapokata bima mwanzo wa mwaka unakadiria mishahara, mwisho wa mwaka unatoa ya kweli na wanarekebisha, unaongeza au unarudishiwa. Watu wengi wanakadiria kwa watu wa masika, Aprili na Mei hoteli tupu nusu wako likizo, halafu Julai mpaka Septemba na tena Disemba wanachukua vijana ishirini wa msimu na hakuna aliyewaandika popote. Wale vijana ndo wageni kwenye jiko, ndo hawajui sakafu gani inateleza. Tenga karatasi ya msimu, jina, tarehe ya kuanza, kazi, malipo, hata kama ni kwa siku. Ukipata mrekebisho wa kulipa zaidi mwisho wa mwaka lipa, na mwambie bosi mapema asije akakuangalia kama wewe ndo umekula.

Kuna kitu kinanichekesha hapa. Bei ikifuata mshahara, mwajiri anaelipa vizuri anatozwa zaidi kuliko bahili mwenye kazi ileile na hatari ileile. Jimbo la Washington kule Marekani wao wanatoza kwa masaa ya kazi badala ya mshahara. Nadhani wamefikiri. Lakini huku tunalipa kwa peiroli kwahiyo tuiandike yote.

Ndugu zangu wa Pemba najua mnasema karafuu je. Mchumaji analipwa kwa pishi, leo yupo kwenye shamba hili kesho la jirani, mkarafuu mrefu na tawi lake halikupi taarifa likikatika. Hapo peiroli hakuna, na bima isipoona peiroli haimuoni mtu. Ukiwa na shamba na unaajiri wachumaji msimu mzima, anza daftari la malipo ya kila siku kwa majina, halafu ndo ukamfate wakala na swali lako, bila daftari mazungumzo hayaanzi.

Mafundi wa kuja na watu wao

Huu mlango wa tatu ndo mkubwa kuliko yote na ndo umejaa hapa kwetu. Bosi anaona peiroli ya mafundi inapandisha bima, anasema sasa siajiri tena, nampa kazi fundi mkuu kwa mkupuo, aje na watu wake. Peiroli inashuka, bima inashuka, karatasi inapendeza. Jukwaa ni lilelile na mbao ni ileile, kilichohama ni jina la anaebeba mzigo, na anaebeba sasa ni fundi mkuu ambae hana bima, hana ofisi, ana simu mbili na moja imevunjika kioo.

Akianguka mtu hapo, familia haitaenda kwa fundi mkuu, itakuja kwako, na sheha wako atakuja nayo. Na mtu anaefika kwako kila siku, kwa saa unazopanga wewe, na karai lako, kumwita "mkandarasi wa kujitegemea" kwenye karatasi hakumbadilishi. Kwahiyo fanya hivi: kabla hujampa fundi mkuu kazi muombe nakala ya bima yake, itazame tarehe (nyingi zimeisha muda, nshaletewa ya miaka miwili nyuma na mtu hana hata aibu), kama hana basi watu wake waingize kwenye bima yako na ile gharama ikate kwenye mkupuo mkiwa mnaelewana mwanzoni. Kuna mafundi wakuu watanuna. Kuna mmoja alinambia "bi, wewe unataka kunifilisi kwa karatasi". Nikamwambia ami, karatasi hii siku moja itakusomeshea watoto. Akasaini, ila chai yangu hakunywa.

Muulize wakala maswali ya historia

Hapa ndo kwenye tabia. Muulize wakala mambo manne na usimwachie mpaka ajibu: historia yangu inabadilisha bei au haibadilishi? Mnatazama miaka mingapi? Mnahesabu idadi ya klemu au kiasi cha pesa? Na klemu ya matibabu tu, mtu kashonwa nyuzi tatu karudi kazini, inanihesabia kama ya mtu aliyekatika mguu?

Wenzetu Marekani hii wameipika mpaka imekuwa sayansi. Kila aina ya kazi ina kima kwa kila dola 100 za mshahara, halafu wanazidisha kwa namba ya historia yako. Wa kati ni 1.00. Ukiwa na 0.80 unapunguziwa asilimia 20, ukiwa na 1.25 unaongezewa robo. Kwa kawaida wanatazama miaka mitatu na wanauruka wa karibuni kwa sababu klemu zake bado mbichi, yani bima ikianza Januari 2025 wanatazama 2021, 2022 na 2023. Ajali nyingi ndogondogo zinauma kuliko moja kubwa ya gharama ileile, kwa sababu kubwa inaweza kuwa bahati mbaya, ndogo kumi ni mazoea. Na majimbo mengi klemu ya matibabu tu inahesabiwa asilimia 30 ya thamani yake.

Tazama sasa bosi wa kule anajifunza nini. Akitengeneza ngazi leo, anaanza kuona faida baada ya mwaka na zaidi, na hapo anahitaji subira. Akimrudisha mgonjwa kazini haraka kabla siku za kulipwa fidia ya mshahara hazijaanza kuhesabiwa, klemu inabaki ya matibabu tu, faida ipo hapohapo. Na akimshawishi mtu asiseme kabisa, faida ni kubwa kuliko zote. Bei hiyohiyo, wanafunzi watatu. Kanada, jimbo la Ontario, profesa Harry Arthurs alitoa ripoti 2012 akaonya kwamba bodi ya fidia ya kule isiendelee na mchezo wa kutoa marejesho na adhabu kwa historia kama haiko tayari kuwaandama wanaoficha klemu. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka bosi wangu na bahasha yake. Kumbe ugonjwa hauna pasipoti.

Na jambo ambalo mawakala hawapendi kulisema, kampuni ndogo historia yake haina uzito. Watu kumi hata miaka mitano bila ajali inaweza kuwa bahati tu, bima wanajua hilo, kwahiyo punguzo linakuwa dogo, kule Marekani walio wadogo kabisa hawaingizwi kwenye hesabu hiyo hata kidogo. Maana yake usimdanganye bosi kwamba akinunua mikanda ya usalama bima itamrudishia pesa. Haitarudisha. Mwambie ukweli mwengine: siku fundi alipoanguka saiti ilisimama siku mbili, zege lilishachanganywa likamwagwa, fundi mpya alikuja akabomoa ukuta akajenga upya, mwenye nyumba akakata malipo kwa kuchelewa. Hayo bima hailipi hata shilingi. Piga hesabu yake kwa ajali moja ya zamani mnayoijua wote, weka mezani. Kwangu mie hesabu hiyo imenunua mirunda mipya kuliko punguzo lolote.

Funga mlango wa kuficha

Kama bima yako ina punguzo la bila klemu, chukulia kwamba kila mwezi wa mwisho kabla ya kukata upya kuna mtu atashawishika. Weka mambo yako kabla. Kwanza, fomu ya ajali ijazwe na aliyekuwepo, siku ileile, nakala moja abaki nayo aliyeumia, picha ya simu. Ukimpa nakala yake huwezi tena kuifuta, na hiyo ndo raha yake, inakulinda hata wewe karani siku bosi anapokuita jioni. Hilo najisemea mwenyewe.

Pili, ondoa bonasi za kijinga. Hoteli moja niliyoijua walikuwa na ubao jikoni, siku kadhaa bila ajali, wakifika 100 wote wanapewa mchele na mafuta. Siku ya 93 msaidizi wa jiko kajikata kidole, wenzake wakamfunga kitambaa wakamwambia "usituharibie". Kakaa na kidole hicho siku nne mpaka kikaoza. Mchele waligawiwa. Kama unataka kutoa mchele, mpe anaekuja kukwambia mbao inaoza, jiko la gesi linavuja, sakafu inateleza. Nusura, yani ajali iliyokaribia kutokea ikakosa, iandikwe na ilipwe. Utashangaa mwezi wa kwanza daftari litavyojaa na bosi atasema mbona hatari zimezidi. Hazikuzidi.

Tatu, kazi nyepesi. Mtu kaumia mguu, daktari kasema anaweza kukaa, mpe mapokezi, mpe kuhesabu mashuka, na mshahara wake uleule. Hiyo ni njia halali ya kupunguza klemu na watu wanapenda, kukaa nyumbani nako kunachosha. Lakini iandikwe na daktari, isiandikwe na meneja. Nshaona mtu kaletwa kazini na plasta ya mguu mzima kaketishwa kwenye kiti cha plastiki getini tangu asubuhi hadi jioni, hana cha kufanya, ili tu faili liseme "hakukosa siku". Ile si kazi nyepesi, wallahi ile ni picha ya bima.

Na wewe ulieumia, kama bosi anakwambia sema umeanguka nyumbani, usisaini kitu siku hiyo. Mwambie daktari ukweli, ilitokea wapi na saa ngapi, kwa sababu cheti chake ndo kitakuwa kinasema siku zote. Chukua majina ya waliokuwepo. Kama hakueleweki, Kamisheni ya Kazi ndo pa kwenda, na usikae, jambo likipoa mashahidi nao wanapata kazi kwengine.

Mwisho muda. Usisubiri wiki ya mwisho, wakala anakuja na kotesheni moja saa tisa alasiri bima inaisha saa sita usiku, hapo unasaini chochote. Anza miezi miwili kabla, chukua kotesheni tatu, na kila moja nenda nayo na orodha ya watu kwa kazi zao za kweli, karatasi ya msimu, nakala za bima za mafundi wakuu, na daftari la ajali na nusura. Kuna wakala ataliona lile daftari limejaa atataka kupandisha bei. Kuna mwengine atauliza maswali, hapa mlifanya nini, hii mlibadilisha lini, na huyo ndo wa kukaa nae. Daftari lenyewe litundike karibu na maji ya kunywa, ukurasa wa wazi, na kalamu ifunge kamba kwenye msumari, maana saiti kalamu haimalizi siku.